Jinsi ya Kuongoza Mjadala wa "Raia Kwanza" Bila Kuishia kwenye Kaulimbiu

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye, katika chama cha mtaa, parokia, ushirika wa wafanyabiashara au kikundi cha wanafunzi hapa Lubumbashi, amepewa kazi ya kuongoza mjadala juu ya swali lisilochoka kurudi: je, nchi iwatangulize raia wake, au ishirikiane na mataifa mengine hata pale ushirikiano huo unapowagharimu raia hao? Ni swali tamu kulianza na gumu kulimaliza, kwa sababu kila upande huja na methali yake mfukoni. Mmoja atasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe; mwingine atajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa; ukumbi utapiga makofi mara mbili, na watu watarudi nyumbani bila kuwa wamepima jambo lolote.

Njia ninayoipendekeza ni ya polepole. Inachukua uamuzi mmoja uliokwisha kufanyika, inaufungua, inauliza nani alipata na nani alilipa, kisha inafika kwenye msimamo unaoweza kuandikwa na kupelekwa kwa mwenye mamlaka. Nautaja msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninapoegemea: serikali ina deni la kwanza kwa raia wake, na sioni sababu ya kulionea haya, lakini katika mkoa kama Haut-Katanga sehemu kubwa ya deni hilo hailipiki bila makubaliano na wengine. Kwa hiyo kazi ya raia ni kukagua masharti ya makubaliano hayo na kuuliza, kila mara kaulimbiu inapotajwa, ni raia yupi hasa aliyetangulizwa.

Anza na uamuzi

Kaulimbiu haina tarehe, haina sahihi wala gharama. Kabla ya kikao, andika uamuzi mmoja kwa sentensi moja yenye mambo manne: nani aliamua, aliamua nini, kuanzia lini, na kwa muda gani. Ukishindwa kujaza moja kati ya hayo, tafuta mfano mwingine, kwa sababu jambo lisilo na mwamuzi wala muda haliwezi kupimwa. Linaweza tu kusifiwa au kulaaniwa.

Hapa kwetu mifano haikosekani. Mwaka 2024 serikali ya Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi vya Zambia visiingie nchini. Tarehe 10 Agosti Zambia ikajibu kwa kufunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na malori ya shaba na kobalti yakabaki yamesimama kwenye foleni. Siku chache baadaye, baada ya mawaziri kuzungumza, mipaka ikafunguliwa tena. Mfano huu unafaa sana kwa kikao cha kwanza: ni mfupi, una tarehe, karibu kila mtu ukumbini ana ndugu anayefanya kazi kwenye barabara hiyo, na hakuna upande unaoweza kudai kwamba ulishinda.

Kikundi kilichozoea mijadala kinaweza kuchukua mfano mzito zaidi, yaani kobalti, madini ya kutengenezea betri. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Bei ilipoanguka kwa sababu soko lilikuwa limejaa, mamlaka ya kusimamia masoko ya madini ya kimkakati, ARECOMS, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje kuanzia tarehe 22 Februari 2025. Zuio hilo la miezi minne liliongezwa muda, kisha kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 likabadilishwa kuwa mgao: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Usiichukue mifano yote miwili kwa siku moja. Mjadala wa bia na mjadala wa kobalti huchanganyika haraka sana, na anayefaidika na mchanganyiko huo ni yule mwenye sauti kubwa.

Mfungue raia, umpate mtu

Hii ndiyo hatua inayostahili kupewa muda mrefu kuliko nyingine zote, na kwa uzoefu wa vikao vingi ndiyo inayorukwa. Watu husema "raia atafaidika" kana kwamba raia ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Chukua ubao, au karatasi kubwa ukutani, uandike majina ya kazi badala ya neno hilo.

Tuseme mnajadili mahindi. Haut-Katanga hula mahindi mengi kuliko inavyolima, na kwa miongo mingi pengo hilo limezibwa na mahindi ya kusini, hasa ya Zambia. Mvua inapokataa upande wa pili, kama mwaka 2024 ambapo Rais Hakainde Hichilema alitangaza maafa ya kitaifa tarehe 29 Februari kwa sababu ya ukame, serikali ya Zambia huyazuia mahindi yasivuke mpaka, na huwezi kuilaumu: inawatanguliza raia wake. Athari yake huku kwetu huonekana kwanza kwenye bei ya mfuko wa kilo 25, kisha kwenye soko la Kenya, komine (manispaa) ya hapa Lubumbashi, kwa mama anayeuza unga kwa kipimo. Huyo mama hapandishi bei ya kipimo siku ileile, kwa maana wateja wake wanakuja na noti zilezile. Anachobadilisha ni kilima cha unga kinachozidi ukingo. Wiki iliyopita kilisimama juu ya kopo. Leo anakisawazisha kwa kiganja, na mtoto aliyetumwa anabeba nyumbani unga wa bukari (ugali) ndogo kwa fedha ileile.

Sasa geuza mfano uelekee kwetu. Tuseme mkoa unataka kuzuia unga wa nje ili kumlinda mkulima wa Kasenga au Sakania. Andika ubaoni: mkulima anayeuza mavuno yake kwa bei nzuri zaidi, mkulima huyohuyo miezi michache baadaye, akiba ikiwa imeisha na yeye mwenyewe ananunua unga, mwenye mashine ya kusaga, dereva wa lori, mama wa kipimo, familia ya mfanyakazi wa Katuba, mtu wa baiskeli anayepita njia za porini karibu na Kipushi usiku akiwa na mifuko mitatu nyuma, na ofisa anayemwona na kutazama pembeni. Kwa kila mmoja weka alama ya anayepata au anayelipa, na andika kwa nini. Utaona kwamba zuio moja linaweza kuwapa faida watu watatu na kuwagharimu watano, wote wakiwa raia, wote wakiwa Wakongomani. Utaona pia kwamba baadhi ya wanaopata zaidi hawakutajwa kabisa katika hotuba iliyolitangaza.

Hoja ya kwamba mkulima anahitaji kulindwa ni hoja nzito, nami siidharau. Lakini mkulima halindwi na mpaka uliofungwa peke yake. Anahitaji mbegu, mbolea inayofika kabla ya mvua, na barabara inayopitika. Mahindi ya Kaniama-Kasese, ambako vijana wa Huduma ya Taifa hulima mashamba makubwa, yamekuwa yakiletwa mijini wakati wa uhaba. Safari yake kutoka Haut-Lomami ni ndefu, na ubovu wa njia huila faida yote. Katika kikao muulize anayetaka zuio: barabara itatengenezwa na nani, na itakuwa imekamilika kabla ya zuio kuanza au baada yake?

Kuna historia moja ambayo kila mwongoza mjadala wa jambo hili anapaswa kuijua. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara ndogo na za kati zilizokuwa mikononi mwa wageni zihamishiwe kwa Wazaire, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo. Hakuna hatua iliyowahi kuitwa "raia kwanza" kwa uwazi kuliko hiyo. Waliopewa wengi walikuwa watu wa karibu na utawala. Wengine waliuza bidhaa zilizokuwamo dukani na hawakuagiza nyingine. Rafu zikabaki tupu, bei zikapanda, na kufikia mwaka 1976 serikali yenyewe ilikuwa inawaita wenye mali wa zamani warudi. Raia wachache walitangulizwa kweli. Mamilioni ya wengine walisimama kwenye foleni ya sabuni na sukari.

Ili mtu asidhani kwamba dhulma ya namna hii huhitaji mgeni, taja pia njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilomita 1,700, iliyoanza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipita juu ya vijiji vingi vyenye giza ili kuifikia migodi ya Katanga. Umeme ulikuwa wa Kongo, shirika lilikuwa la Kongo, na waliokaa gizani chini ya nyaya walikuwa Wakongomani.

Uliza kama mpaka unaweza kulizuia

Baada ya watu kuonekana ubaoni, uliza swali la namna nyingine: jambo hili, kwa asili yake, linaweza kushughulikiwa na nchi moja peke yake? Mara nyingi jibu huangukia katika moja ya hali tatu, na inafaa kuzitenganisha kabla joto la mjadala halijapanda.

Kuna mambo ambayo mpaka hauyazuii. Maradhi ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Aina mpya ya virusi vya mpox ilitambuliwa kutokana na wagonjwa wa Kamituga, Kivu Kusini, kuanzia Septemba 2023. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, na tarehe 5 Septemba dozi za kwanza za chanjo, zilizotoka Ulaya, zikatua Kinshasa. Anayesema kwamba katika mambo kama haya sisi ni wapokeaji tu akumbushwe habari ya dawa ya Ebola inayoitwa mAb114. Ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, INRB, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, na watafiti wa Marekani. Iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2020. Kinga iliyokuwa ndani ya damu ya Mkongomani sasa inaweza kumwokoa mtu yeyote duniani. Huo ni ushirikiano ambao sisi tulichangia mtaji, na mtu aliyechangia mtaji ana haki ya kuuliza dawa inahifadhiwa wapi, kwa kiasi gani, na itafika vipi Mkongomani mwingine akiugua.

Hali ya pili ni ya mambo ambayo nchi inaweza kuyafanya yenyewe, na hapo hakuna mgeni wa kumlaumu. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iligawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayoyachimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, komine, sekta au cheferi (eneo la chifu) ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni pia inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kama asilimia 15 hiyo imefika na hakuna kisima wala zahanati, mkataba wa kimataifa hauhusiki. Ninapendekeza hali hii ijadiliwe bila huruma, kwa sababu kelele dhidi ya dunia mara nyingi hufunika ukimya juu ya hesabu za komine.

Ya tatu ni ya mambo ambayo nchi inaweza kuyafanya peke yake lakini ingepata zaidi kwa kushirikiana. Kobalti iko hapa. Zuio la 2025 lilifanya kazi kwa maana ya bei, iliyopanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwaka kwisha, na hilo halikuwa limeombwa ruhusa popote. Lakini Indonesia, mzalishaji wa pili, inaongeza kobalti yake pamoja na nikeli, na kila mwezi ambao madini yetu hayatoki ni mwezi ambao mnunuzi anajifunza kununua kwingine au kutengeneza betri isiyohitaji kobalti. Kwa hiyo swali la kuuliza kikaoni ni hili: nguvu hii ya peke yetu itadumu miaka mingapi, na tunaitumia kupata nini kabla haijapungua? Makubaliano ya mwaka 2022 kati ya Kongo na Zambia ya kujenga kwa pamoja mnyororo wa utengenezaji wa betri yalikuwa na wazo sahihi kwamba Copperbelt, ukanda wa shaba wa pande zote mbili za mpaka, ni moja hata kama bendera ni mbili. Wazo sahihi halijengi kiwanda, bila shaka.

Leteni maandishi mezani

Mjadala usio na karatasi mezani huongozwa na mwenye kumbukumbu kali, na kumbukumbu kali si ukweli. Leta nakala ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na uweke alama kwenye vifungu vichache. Kifungu cha 9 kinaipa Dola mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, chini ya ardhi, maji na misitu. Kifungu cha 56 kinaliita kosa la uporaji tendo lolote, mkataba au makubaliano, yanayolinyima taifa njia zake za kuishi zinazotokana na mali asili. Cha 58 kinasema kila Mkongomani ana haki ya kufaidi utajiri wa nchi. Mpaka hapo upande wa "raia kwanza" utakuwa unatabasamu.

Kisha soma vinavyofuata. Kifungu cha 215 kinaipa mikataba iliyoridhiwa na kuchapishwa nguvu kubwa kuliko sheria za kawaida, kwa sharti kwamba upande wa pili nao unaitekeleza. Cha 217 kinaruhusu Kongo kuachia sehemu ya mamlaka yake kwa ajili ya kukuza umoja wa Afrika. Kati ya pande hizo mbili ndipo kinapokaa kifungu cha 214, ambacho kwangu ndicho muhimu kuliko vyote: mikataba ya amani, ya biashara, ya kujiunga na mashirika ya kimataifa, na ile inayogusa fedha za umma haiwezi kuridhiwa ila kwa sheria, na eneo la nchi haliwezi kutolewa wala kubadilishwa bila wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni. Maana yake kikaoni ni kwamba, kabla hamjagombana kama mkataba fulani ni mzuri au mbaya, mtu mmoja atumwe kutafuta kama ulipita bungeni na kama ulichapishwa katika Gazeti Rasmi. Mkataba uliofichwa una kasoro hata kama masharti yake ni matamu.

Someni masharti bila kutazama bendera ya aliyesaini. Mkataba wa Sicomines, uliosainiwa mwaka 2008 na makampuni ya China, ni somo zuri. Kwa miaka mingi watu waliugombania kwa kusema Wachina ni marafiki au Wachina ni wezi, wakati jambo lililokuwa ndani yake lilikuwa la hesabu: kiasi gani cha shaba kwa kiasi gani cha barabara na hospitali. Ulipojadiliwa upya na marekebisho kusainiwa Machi 2024, sehemu ya miundombinu ilipandishwa kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7, na malipo ya kila mwaka yakafungwa na bei ya shaba. Ushirikiano haukuvunjwa, na fungu la raia likaongezeka kwenye karatasi. Kinachobaki ni kuhesabu kilomita za lami zilizojengwa kweli, kazi ambayo chama cha mtaa kinaiweza kuliko mwanadiplomasia.

Geuza ubao

Hatua hii ni fupi, lakini usiiache. Chukua kanuni ambayo kikundi kimeikubali na umpe jirani aitumie dhidi yenu. Kama mmesema nchi ina haki ya kufunga mlango wakati wowote kwa ajili ya raia wake, basi India ilikuwa na haki Machi 2021 iliposimamisha kupeleka nje chanjo za korona wakati wagonjwa wake walipoongezeka kwa kasi, ingawa mpango wa COVAX uliokuwa unazipelekea nchi za Afrika ulizitegemea. Na Marekani ilikuwa na haki tarehe 20 Januari 2025 iliposimamisha misaada yake ya nje, huku ikiwa ndiyo mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo. Kama kuna mtu anayehisi kwamba mambo hayo hayakuwa ya haki, aeleze ni sharti gani lingeyafanya yawe ya haki: taarifa ya mapema, kipindi cha mpito, kuwaacha wagonjwa walioanza matibabu wamalize. Sharti analolitaja ndilo sharti ambalo na sisi tunapaswa kulitimiza tunapofunga mlango wetu.

Kwa ukweli, mfano wa chanjo una upande wa aibu ambao usifichwe. Kongo ilipokea dozi zipatazo milioni 1.7 Machi 2021 na ikabidi irudishe karibu milioni 1.3 ili zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Ushirikiano ulitufikia, na sisi hatukuwa tayari kuupokea.

Hata sheria za biashara za dunia zina mantiki hii ya kugeuza. Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu mwaka 1997. Kanuni zake zinakataza kwa jumla kuzuia bidhaa zisiuzwe nje, lakini zinaruhusu zuio la muda pale chakula kinapopungua sana, na zinaacha mlango kwa hatua za kuhifadhi mali asili inayokwisha. Indonesia ilipozuia nikeli ghafi mwaka 2020, Umoja wa Ulaya uliishtaki na jopo likaamua Novemba 2022 kwamba Indonesia imekosea. Ikakata rufaa mbele ya chombo cha rufaa ambacho hakifanyi kazi tangu Desemba 2019, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wake. Kwa hiyo wanaotuambia tuheshimu kanuni nao wana madirisha yaliyovunjika. Hilo ni jambo la kusema wazi, bila kulifanya kisingizio cha kutozisoma kanuni zenyewe.

Kikao chenyewe

Panga saa mbili, si zaidi. Wape nafasi ya kwanza wanaolipa gharama ya uamuzi, kwa maana wataalamu wakitangulia, mama wa kipimo hatasema tena. Kila mzungumzaji, kabla ya kutoa hoja yake, arudie hoja ya aliyemtangulia mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo aliyoisema. Zoezi hili linaudhi kwa dakika kumi za kwanza na kusaidia kwa muda wote unaobaki. Mtu akitaja takwimu, aseme ameipata wapi, na asipojua iandikwe pembeni isubiri. Akianza kutaja kabila au asili ya mtu badala ya uamuzi ulioandikwa ubaoni, msimamishe papo hapo, kwa adabu lakini bila kusita. Katanga imewahi kuona neno la "wenyeji kwanza" likigeuzwa dhidi ya majirani waliozaliwa hapahapa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na familia nyingi za Wakasai zikaondoka kwa treni.

Andikeni na mpeleke

Mwishoni msipige kura ya "ndiyo" au "hapana" kuhusu dunia nzima. Andikeni msimamo juu ya uamuzi ule mmoja, kwa muundo huu: tunaunga mkono, au tunapinga, hatua hii, watakaofaidika ni hawa, watakaolipa ni hawa, nao walindwe kwa njia hii, hatua iishe tarehe fulani isipokuwa takwimu fulani iliyochapishwa ionyeshe kwamba imefaulu. Tarehe ya mwisho ni lazima, kwa sababu zuio lisilo na mwisho hugeuka haraka kuwa mali ya wachache waliolizoea. Wasiokubaliana na wengi waandike aya yao chini, na isomwe kwa sauti kama nyingine.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Pelekeni nakala mbili: moja ibaki kwa mwenye mamlaka, nyingine irudi kwenu ikiwa na muhuri wa mapokezi na tarehe. Kama jambo ni la mrabaha wa komine, anayeandikiwa ni kiongozi wa komine. Kama ni la unga, ni gavana wa mkoa. Kama ni la mgao wa kobalti, ni waziri wa madini, na nakala kwa wabunge wa Lubumbashi, ambao kila baada ya miaka mitano huja kutuomba kura kwa jina la raia. Mchague mtu wa kuihifadhi nakala yenye muhuri, na muweke kikao kijacho katika wiki ambayo miezi mitatu itatimia.